Pikapu ya Kuvutia Trela la Shingo: Soma Stika ya Mlangoni Kabla ya Kusaini

Kila theluji inapoanza kuyeyuka Toronto, swali linarudi lilelile, kutoka Scarborough, Brampton, Etobicoke na kwingineko wanakoishi watu wetu: "Tumeamua kununua pikapu mpya tuvute trela la kulala, lile kubwa wanaloliita huku fifth wheel. Tuchukue ipi?" Wengi wanaouliza tayari wana jibu mfukoni. Wameona tangazo la pikapu inayovuta pauni 13,000, wameona trela la pauni 12,000, wakatoa moja kwa nyingine na kuona wamebakiwa na nafasi. Wanachotaka ni baraka tu.

Siwezi kuitoa, na nitaeleza kwa nini. Tuelewane kwanza kuhusu trela lenyewe. Ni lile ambalo shingo yake hupanda juu ya bodi la pikapu, na pini yake ikaingia kwenye kiungio kilichofungwa karibu na ekseli ya nyuma. Ndio mfumo wa semi-trela zinazotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala. Hapa nitaliita trela la shingo.

Kuvuta na kubeba

Mtu anaweza kuvuta mkokoteni wenye magunia ambayo hawezi kuyabeba mgongoni hata nusu yake. Trela la shingo linaidai pikapu yote mawili kwa pamoja: ilivute, na ibebe sehemu ya uzito wake mgongoni. Sehemu hiyo kwa kawaida ni asilimia 15 hadi 25 ya uzito wa trela. Fanyia hesabu asilimia 20, na ukijua unapakia sana mbele, tumia 25.

Tangazo hutaja uwezo wa kuvuta. Uwezo wa kubeba huandikwa kwenye stika iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva, kwa sentensi inayosema jumla ya uzito wa abiria na mizigo isizidi kiasi fulani. Stika hiyo ni ya gari hilo moja. Pikapu mbili za jina moja, mwaka mmoja na rangi moja, zilizoegeshwa ubavu kwa ubavu pale yadini, zinaweza kupishana kwa mamia ya pauni kwa sababu moja ina paa la kioo, viti vya umeme na ngazi za pembeni. Kila pambo limekula sehemu ya mzigo wako.

Kwa hiyo, unapofika yadini, fungua mlango kabla ya kufungua boneti. Piga picha stika. Muuzaji akikwambia kijitabu kinasema zaidi, mwambie utanunua gari lenye stika hii, si kijitabu.

Pikapu nzito zaidi, zinazopita pauni 10,000 za uzito wa juu unaoruhusiwa, huenda zisiwe na stika hiyo. Hapo tafuta lebo yenye herufi GVWR na GAWR. Ya kwanza ni uzito wa juu wa gari zima likiwa na kila kitu, ya pili ni uzito wa juu wa kila ekseli. Toa uzito wa gari tupu lenye tangi la mafuta lililojaa kwenye GVWR, kinachobaki ndicho unachoweza kubeba.

Trela kwanza

Kosa ninaloliona zaidi kuliko yote ni kununua pikapu mwezi wa tatu na kwenda kutafuta trela mwezi wa tano. Geuza mpangilio. Nenda kwanza kwenye yadi za matrela na familia nzima, ingieni ndani, laleni kitandani, mama ajaribu jiko, watoto wagombee vitanda vya juu. Mkishakubaliana, andika namba moja tu: uzito wa juu wa trela hilo likiwa limejaa.

Usiandike uzito wa trela tupu. Kijitabu hupenda kuutangaza kwa herufi kubwa, pamoja na uzito wa shingo wa trela tupu, lakini hakuna anayesafiri na trela tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi la lita 200 likijaa ni kilo 200. Weka betri, mitungi ya gesi, sufuria, mkaa, mchele wa wiki nzima na kreti za maji, na trela litakaribia ule uzito wa juu haraka kuliko unavyodhani.

Angalia pia vipimo. Matangazo ya magari huku huzungumza kwa pauni, sheria za Ontario huzungumza kwa kilo. Chagua kipimo kimoja na ubadilishe kila kitu kabla ya kujumlisha: kilo moja ni pauni 2.2. Nimeona hesabu za watu makini zikiharibika hapo tu.

Hesabu ya familia ya watu watano

Tuchukue trela ambalo uzito wake wa juu ni kilo 5,400, karibu pauni 12,000. Ni trela la kawaida kwa familia, si la kifahari.

- Uzito wa shingo, asilimia 20: kilo 1,080
- Kiungio chenyewe ndani ya bodi: kilo 80
- Baba, mama na watoto watatu: kilo 330
- Kuni, jenereta, baiskeli na sanduku la vifaa: kilo 120

Jumla ni kilo 1,610, na zote zimekaa juu ya pikapu. Trela bado halijaanza kuvutwa.

Sasa linganisha na madaraja ya pikapu yanayopatikana sokoni:

- Nusu tani (F-150, Ram 1500, Silverado 1500, Tundra): stika nyingi zinaangukia kati ya kilo 650 na 900. Zipo F-150 chache zenye kifurushi cha kubeba mizigo zinazopanda zaidi, lakini hazikai yadini zikikusubiri. Kwa trela letu la mfano, nusu tani ya kawaida imezidiwa karibu mara mbili.
- Robo tatu tani (F-250, Ram 2500, Silverado na Sierra 2500): hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Ni gari kubwa na lina sura ya kazi. Lakini ukichukua lenye injini ya dizeli na mapambo mengi, stika inaweza kusoma kilo 1,000 tu, kwa sababu injini yenyewe ni nzito. Lenye petroli hubeba zaidi.
- Tani moja (F-350, Ram 3500, Silverado na Sierra 3500) yenye tairi moja kila upande nyuma: mara nyingi kilo 1,600 hadi 1,900. Hapa ndipo trela letu linapata nyumba.
- Tani moja yenye matairi pacha nyuma: kilo 2,300 na kuendelea. Hii ni ya matrela marefu ya pauni 16,000 au zaidi, na ya mtu mwenye pa kuiegesha.

Ushauri wangu: kwa trela la shingo lolote linalozidi kilo 4,500, anza kutafuta kwenye tani moja. Tofauti ya bei kati ya robo tatu na tani moja ya aina ileile huwa ndogo ukiilinganisha na bei nzima ya gari, na ndiyo fedha yenye faida kuliko viti vya ngozi.

"Lakini nyumbani Hilux ilibeba tani mbili"

Nalisikia hili kila mara, na si uongo. Tumeziona Hilux zikipanda Lushoto na Kisii na mzigo unaogusa matawi. Tofauti ni kwamba ile Hilux ilikuwa inakwenda kilomita 40 kwa saa. Hapa uko barabara ya 400 siku ya Ijumaa jioni, mwendo ni 100, lori limekupita likakusukuma kwa upepo, na mbele yako watu wamekanyaga breki ghafla karibu na Barrie. Ekseli ya nyuma ikizidiwa, pua ya gari huinuka, usukani unakuwa mwepesi na matairi ya nyuma yanachemka. Ikitokea ajali, kampuni ya bima nayo itakuwa na maswali yake kuhusu namba zilizo mlangoni kwako.

Wengine husema watafunga mifuko ya hewa kwenye springi. Mifuko hiyo huinua nyuma ya gari likae sawa, na kwa hilo ni mizuri. Haibadilishi ekseli, rimu, matairi wala breki, na stika ya mlangoni inabaki vilevile.

Dizeli au petroli?

Jibu linategemea unakokwenda. Kutoka Toronto hadi hifadhi za Algonquin, Sandbanks au Killbear kuna vilima, lakini hakuna mlima wa kutisha. Kama safari zako ni wikiendi kadhaa za kiangazi ndani ya Ontario, petroli inatosha: lita 7.3 ya Ford, 6.6 ya GM au 6.4 ya Ram. Itapiga kelele kwenye kilima na itakunywa mafuta, lakini itafika.

Dizeli huongeza zaidi ya dola 10,000 kwenye bei ya gari jipya. Inastahili kama unakusudia kuvuka milima ya Rockies, kama trela lako ni zito sana, au kama utavuta kwa miezi mingi ya mwaka. Raha yake kubwa iko kwenye mteremko, pale breki ya injini inaposhikilia mzigo wote na mguu wako ukapumzika.

Kabla ya kuichukua, jua haya:

- Dizeli haipendi safari fupi za mjini. Ukiitumia kumpeleka mtoto shule na kurudi majira yote ya baridi, kichujio cha moshi kitaziba.
- Inahitaji kimiminika cha kusafisha moshi kiitwacho DEF, ambacho huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri. Gari lina kipasha moto cha tangi, lakini usiache galoni zako nje.
- Usiku wa baridi kali utahitaji kuchomeka hita ya injini. Anayeishi ghorofa ya 14 atachomeka wapi?

Pikapu za umeme ninaziheshimu, ila kwa trela la shingo naziacha kando kwa sasa. F-150 Lightning, kwa mfano, ina bodi la futi tano na nusu, nalo ni fupi mno kwa kazi hii.

Urefu wa bodi

Bodi la futi 8 ndilo linalofaa zaidi. Unapokata kona kali, pembe ya shingo ya trela husogea kuelekea kioo cha nyuma cha kebini, na bodi refu linakupa nafasi. Bodi la futi sita na nusu hivi linawezekana, lakini nunua kiungio kinachoteleza nyuma wakati wa kukata kona, au uhakikishe trela lako lina shingo iliyochongwa pembeni. Bodi la futi tano na nusu liache.

Kuna kipimo kingine ambacho karibu kila mtu hukisahau: kimo. Pikapu mpya za 4x4 zimeinuka sana. Trela likishaungwa, likiwa limekaa sawa, kuwe na nafasi ya sentimita 14 au zaidi kati ya kingo za bodi na tumbo la shingo, ama sivyo utagonga unapovuka tuta. Ukiinua shingo kupata nafasi, trela zima linainama nyuma na paa la mbele linapanda. Sheria ya Ontario inaruhusu kimo cha mita 4.15. Pima kwa futikamba kuanzia lami hadi juu ya kiyoyozi, kisha andika namba hiyo kwenye karatasi uibandike mbele ya dereva.

Vitu vya kuagiza kiwandani

Faida ya kununua gari jipya ni kwamba unaweza kuagiza mambo haya tangu mwanzo. Kuyaongeza baadaye ni ghali, na mengine hayafanani na ya kiwandani.

1. Kifurushi cha maandalizi ya trela la shingo: matundu ya kiungio yaliyofungwa kwenye chasisi, na soketi ya umeme ya pini saba ndani ya bodi.
2. Kidhibiti cha breki za trela kilichojengwa kwenye dashibodi. Ontario inadai trela lenye uzito wa kilo 1,360 au zaidi liwe na breki zake.
3. Uwiano wa difu wenye namba kubwa, kama 3.73, 4.10 au 4.30. Namba ndogo huokoa mafuta gari likiwa tupu, lakini hupunguza uwezo wa kuvuta.
4. Vioo vya pembeni vinavyovutwa nje.
5. Kamera ya bodini, inayokuonyesha pini na kiungio wakati wa kurudi nyuma. Hii imeokoa ndoa.

Kiungio kinunue kinacholingana na matundu ya gari lako, na chenye uwezo unaozidi uzito wa juu wa trela.

Leseni na sheria

Wengi wanaamini leseni ya daraja G inatosha kwa kila kitu, wengine wanaamini lazima uwe na AZ ya malori. Ukweli uko katikati.

- Daraja G huruhusu gari na trela hadi jumla ya kilo 11,000, ilimradi trela lenyewe lisizidi kilo 4,600.
- Kwa trela la kuishi linalovutwa na pikapu, Ontario imelegeza: linaweza kuzidi kilo 4,600 ukabaki na G, ilimradi jumla ya vyote viwili isizidi kilo 11,000. Familia yetu ya mfano, wakiwa na pikapu ya tani moja ya petroli, wana jumla ya karibu kilo 9,100. Wako salama.
- Jumla ikizidi kilo 11,000, unahitaji daraja A.
- Ulegevu huo ni wa trela la kuishi tu. Ukilitoa na kuunga trela la kubebea magari au mashine linalozidi kilo 4,600, G yako haitoshi.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo, hasa kwa wenye watoto wadogo. Hakuna mtu anayeruhusiwa kukaa ndani ya trela likiwa barabarani. Hata mtoto aliyelala. Hata kwa kilomita kumi.

Na wenye mawazo ya biashara: pikapu yako ya nyumbani ina misamaha mingi. Ukianza kuwabebea watu mizigo kwa malipo, gari na trela vikizidi jumla ya kilo 4,500, unaingia kwenye CVOR, usajili wa waendeshaji wa magari ya biashara, na ukaguzi wa kila mwaka. Jisajili kabla ya mzigo wa kwanza.

Mezani kwa muuzaji

Wauzaji wa magari Ontario wanasimamiwa na mamlaka iitwayo OMVIC. Bei inayotangazwa lazima ijumlishe ada zote za muuzaji. Kinachoweza kuongezwa ni kodi ya mauzo, HST, ya asilimia 13 na gharama ya leseni ya gari. Ukiona "ada ya utawala" imechomoza kwenye karatasi ya mwisho, uliza imetoka wapi.

Kubwa zaidi: hakuna siku za kubadili mawazo. Wengi wanadhani wana siku kumi za kurudisha gari. Hawana. Ukishasaini, umenunua.

Kwa hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi:

- Taka namba ya stika ya gari lako hasa iandikwe kwenye mkataba. Kama gari limeagizwa na halijafika, andikeni kiwango cha chini cha uwezo wa kubeba utakachokubali.
- Maneno "hii inavuta chochote" hayana thamani yasipoandikwa.
- Kataa mapambo mazito ya yadini: vifuniko vya bodi, ngazi, rimu kubwa. Utayalipia, kisha yatakula uwezo wako wa kubeba.
- Tazama bei nzima ya mkopo, si malipo ya kila wiki mbili. Mkopo wa miezi 84 au 96 hufanya gari la bei mbaya lionekane la bei nzuri.

Kwa wanaotazama za juu kabisa: tangu Septemba 1, 2022 serikali ya shirikisho hutoza kodi ya anasa kwa magari mapya yanayozidi dola 100,000, zikiwemo pikapu nyepesi. Zenye GVWR inayozidi kilo 3,856 haziguswi, kwa hiyo tani moja iko nje.

Utaiweka wapi?

Pikapu ya tani moja yenye kebini ya milango minne na bodi la futi 8 inakaribia urefu wa mita 6.7, na kimo chake kinakaribia au kuzidi mita 2. Maegesho mengi ya chini ya majengo ya Toronto hayaipokei. Pima mlango wa maegesho yako leo, na uende na vipimo yadini. Trela nalo halitakaa mbele ya nyumba: manispaa nyingi za eneo hili zina sheria ndogo zinazozuia, na majirani hupiga simu. Tafuta yadi ya kuhifadhia nje ya mji na uingize kodi yake kwenye bajeti.

Pikapu huibwa sana Ontario. Weka kufuli ya usukani na kifaa cha kufuatilia gari, na mwambie wakala wa bima kwa maandishi utavuta trela la uzito gani. Trela lenyewe linahitaji bima yake dhidi ya ajali na wizi. Chumvi ya barabarani nayo hula chasisi, basi lipake gari dawa ya kuzuia kutu kabla ya majira ya kwanza ya baridi.

Na kama hesabu yote hii imekuelemea, kuna njia ya kujaribu maisha haya bila kununua. Baadhi ya wenye matrela hukodisha na kukuletea trela hadi kambini, wakaliweka sawa na kuondoka. Nenda na gari lako dogo, kaeni siku chache, muone kama watoto watapenda kweli.

Baada ya kukabidhiwa ufunguo

Usivute siku ya kwanza. Vitabu vya magari mapya hutaka uendeshe kati ya kilomita 800 na 1,600 bila trela, kutegemea kampuni. Soma chako.

Kisha, kabla ya safari ya kwanza, nenda mizani. Vituo vingi vya malori kando ya barabara ya 401 vina mizani ya umma. Pakia kila kitu na kila mtu, jaza mafuta, halafu:

1. Pima pikapu na trela vikiwa vimeungwa, na uchukue karatasi inayoonyesha kila ekseli.
2. Egesha trela pembeni, pima pikapu peke yake ikiwa na watu walewale na mizigo ileile.
3. Toa uzito wa pikapu peke yake kwenye jumla ya ekseli mbili za pikapu ikiwa imeungwa. Huo ndio uzito halisi wa shingo.
4. Linganisha ekseli ya nyuma na namba ya GAWR mlangoni, na jumla ya pikapu na GVWR.

Ukikuta umezidi kidogo, mwaga maji ya tangi ukajaze kambini, na uhamishe mizigo mizito kutoka bodini uipeleke karibu na ekseli za trela. Ukikuta umezidi sana, usianze safari. Kama namba ziko sawa, jaza matairi upepo kulingana na stika, jaribu breki za trela kwenye maegesho matupu, na ukishatembea kilomita 80 hadi 160 simama ukaze tena nati za matairi ya trela.